Seva ya prosesa mbili ikianza kusumbua: namna ya kusoma vipimo inavyojifanyia yenyewe

"Fundi, mashine haijafa. Mchana inapiga kazi vizuri tu, ila usiku inajizima na kujiwasha yenyewe, asubuhi tunakuta mfumo umefungwa."

Aliyenipigia ni mama mhasibu wa chama kimoja cha akiba na mikopo kule Njombe. Seva yao ni ya mtumba, ina prosesa mbili za Intel Xeon za familia ya E5, na vijiti 8 vya RAM, kila kimoja GB 8. Fundi aliyenitangulia alishawauzia kijiti kipya kilichoshushwa na basi kutoka Dar es Salaam. Siku tatu baadaye ugonjwa ukarudi uleule.

Nikamwuliza, "Mama, ikiwaka huwa inawaandikia chochote kwenye kioo?"

"Inaandika maneno mengi ya Kiingereza, chini inasema tubonyeze F1. Tunabonyeza, inaendelea."

Walikuwa wakibonyeza tangu Mei, na mimi nilipigiwa Julai. Yaani kwa zaidi ya miezi miwili mashine ilikuwa inajipima kila ikiwaka, inataja inapoumwa, kisha inanyamazishwa kwa kidole.

Mwongozo huu ni kwa fundi mwenzangu ambaye amezoea kompyuta za mezani na sasa ameanza kuletewa seva za prosesa mbili, maana mtumba umezileta kwa wingi huku kwetu. Vifaa vingi huhitaji. Tafuta bisibisi, fleshi, tochi, kioo cha kukuzia na daftari la karatasi. Kazi kubwa ya kutafuta ubovu imeshafanywa na mashine yenyewe. Lakini angalia: kipimo cha mashine hutaja mahali maumivu yalipojitokeza, na mara nyingi mwenye kosa amekaa pengine. Sehemu kubwa ya maelezo yangu itahusu pengo hilo.

Kabla ya kushika bisibisi

Chukua nakala ya data kwanza. Seva inayojizima usiku haina adabu, na kipimo kizito kinaweza kuimalizia. Kama mteja hana nakala, hiyo ndiyo kazi ya siku ya kwanza, vipimo vitasubiri.

Jambo la pili ni hali ya hewa yetu. Vitabu vingi vya seva husema mashine ifanye kazi kati ya nyuzi 10 na 35 za Selsiasi, na kwamba ukipita takriban mita 950 kutoka usawa wa bahari, kiwango cha juu kishushwe nyuzi 1 kwa kila mita 300. Sababu ni kwamba hewa ya juu ni nyepesi, feni inazunguka ileile lakini inabeba joto kidogo. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, kwa hiyo ile 35 kwetu inakuwa 32 na kidogo. Njombe iko juu zaidi. Wenzetu wa Dar wana joto lakini wana hewa nzito, sisi tuna baridi lakini hewa ni pungufu. Na usisahau kiwango cha chini: Julai chumba kisicho na dari Njombe au Makete kinashuka chini ya nyuzi 10 bila taabu.

Baridi ina jambo jingine. Mashine iliyosafiri usiku nyuma ya gari ukiingiza kwenye chumba chenye watu, jiko la mkaa na chai, inatoka jasho ndani kama chupa ya soda. Iache saa kadhaa, ikiwa imefungwa, ilingane na chumba, ndipo uiwashe. Tukuyu kipindi cha mvua mimi huilaza mpaka kesho yake.

Waya wa atha uwepo kweli, maana soketi yenye tundu tatu siyo ushahidi. Chomoa waya zote za umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15 hadi 20 ili kumaliza chaji iliyobaki. Gusa bati la kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Kipindi cha kiangazi huku vumbi kavu na sweta la sufi vinatengeneza umeme tuli wa kutosha kuua kijiti cha RAM bila wewe kuhisi kitu. Vua sweta. Najua ni baridi.

Nini kinatokea umeme unapofika

Ukielewa hapa, mengine yote yanafuata yenyewe.

Umeme ukiingia tu, kabla hata hujabonyeza kitufe, kuna kompyuta ndogo kwenye mazabodi inayoamka. Inaitwa BMC. Ina prosesa yake, programu yake, na mara nyingi mlango wake wa mtandao. Kazi yake ni kulinda: inapima joto, volti, mzunguko wa feni, na kuandika matukio kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Lugha ya kuzungumza nayo inaitwa IPMI, ilitolewa mwaka 1998 na Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC kwa pamoja. Kwa hiyo amri ulizojifunza kwenye mashine ya kampuni moja zinafanya kazi kwenye nyingine, jambo ambalo kwenye ufundi wetu ni nadra.

Ukibonyeza kitufe, prosesa zote zinaamka kwa pamoja. Zinaweza kujipima ndani kwa ndani, na kila moja huacha jibu kwenye rejista yake: sifuri maana yake nimepona, namba nyingine yoyote maana yake nina tatizo. Kisha zinachagua kiongozi. Kiongozi peke yake ndiye anayeendesha programu ya BIOS na ule ukaguzi wa kuwaka unaoitwa POST. Wengine wote wanalala wakisubiri kuitwa. Kiongozi akishaandaa memori, anawaita, kila kiini (core) kinajibu, naye anahesabu walioitika. Asiyeitika hahesabiwi.

Je, kiongozi mwenyewe akiwa mbovu? Kwenye baadhi ya seva BMC inashika saa. Kiongozi akichelewa kumaliza kazi yake, BMC inamweka pembeni, inawasha mashine upya na prosesa nyingine inapewa uongozi. Kwa hiyo mashine ya mezani prosesa ikifa imekufa, lakini hii inatenga kiungo kibovu na kutembea na kilichobaki. RAM ni hivyohivyo: kijiti kikikosa mtihani kinatengwa, na mashine inawaka bila hicho.

Ni uhodari mkubwa, na ndio unaowaponza wenye mashine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Seva inaweza kutembea na nusu ya viungo vyake mwaka mzima, mwenyewe akilalamika tu kwamba "mfumo umekuwa mzito".

Hatua ya kwanza: hesabu viungo

Usianze na kipimo chochote, anza na hesabu. Andika kwenye karatasi kilichopo kwa macho: prosesa ngapi, vijiti vingapi, viko sloti zipi, diski ngapi, feni ngapi. Halafu uliza mashine inaona nini. Kama ina Linux, amri mbili zinatosha:

lscpu

numactl --hardware

Ya kwanza inakwambia soketi ngapi zina prosesa hai na kila moja ina viini vingapi. Ya pili ndiyo ninayoipenda. Kwenye mashine hizi kila prosesa ina RAM yake, iliyoungwa kwake moja kwa moja, na amri hii inaonyesha mgawanyo huo. Seva ya Njombe ilinijibu hivi:

node 0 size: 32098 MB
node 1 size: 24127 MB

Vijiti vinne huku, vinne kule, vyote sawa, lakini upande wa prosesa ya pili umepungua GB 8. Kijiti kizima hakipo, na pale ofisini hakuna aliyejua. Ukiangalia jumla tu, GB 56 hazishtui mtu. Ukigawa kwa prosesa, pengo linaonekana.

Kama mashine haina mfumo, ingia kwenye BIOS usome hesabu hiyohiyo. Usiridhike na kijiti kuonekana kwenye orodha ya sloti, kwa sababu kilichotengwa kinaweza kuorodheshwa na bado hakitumiki. Soma jumla inayotumika.

Hatua ya pili: soma daftari la BMC, na ulisome kwa saa zetu

Usifute chochote kwanza. Narudia kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakifuta ili "waanze upya", na ushahidi wa miezi unaondoka. Hifadhi kwenye faili kwa programu ya ipmitool:

ipmitool sel info
ipmitool sel elist > daftari.txt

Amri ya kwanza inaonyesha daftari limejaa kiasi gani. Kwenye baadhi ya mashine likijaa linaacha kuandika, kwa hiyo daftari lililojaa ambalo tukio la mwisho ni la zamani halimaanishi mashine imepona tangu hapo. Mashine isiyo na mfumo, ingia kwenye ukurasa wa BMC kwa kebo ya mtandao na kivinjari. Dell wanauita iDRAC, HPE wanauita iLO.

Sasa mambo matatu yanayowachanganya watu.

Tarehe huanza na mwezi. Mstari wenye 07/09 ni tarehe 9 Julai. Ukisoma kama 7 Septemba unaweza kuamua kwamba saa ya mashine imeharibika, kumbe ni wewe.

Ukiona neno Pre-Init mahali pa tarehe, BMC ilikuwa bado haijaijua saa ilipoandika. Yakiwa mengi, pima betri ya CR2032 kwenye mazabodi. Mpya ina volti 3 na zaidi kidogo. Mimi ikishuka chini ya 2.8 naibadilisha bila kujadili.

La tatu ni saa. BMC nyingi huandika kwa saa za UTC, yaani saa ya dunia, nasi tuko saa 3 mbele. Ongeza 3, ndipo ugeuze kwenda saa ya Kiswahili. Seva ya Njombe ilikuwa na mistari ya aina hii:

00:52:10 | Memory | Correctable ECC | Asserted
01:47:33 | Memory | Uncorrectable ECC | Asserted

Saa 00:52 ya UTC ni 03:52 yetu, yaani saa kumi kasoro dakika nane usiku. Ile ya pili ni saa kumi na moja kasoro robo hivi, alfajiri. Nikakaa na kikombe cha chai nikageuza mistari yote, kama arobaini, mmoja mmoja kwa kalamu. Hakuna hata mmoja ulioangukia mchana. Yote yalikuwa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na yote yalitaja sloti B2, ambayo kwenye mashine ile ni upande wa prosesa ya pili.

Mlinzi wa usiku nilimpigia pia. Alisema umeme haukuwa unakatika saa hizo, na taa ya nje ilikuwa inawaka muda wote. Nikaandika neno moja pembeni ya karatasi: baridi?

Kuhusu maneno yenyewe: RAM za seva huwa na ulinzi unaoitwa ECC. Kwa kila biti 64 za data kuna biti 8 za ziada za kukagulia. Biti moja ikigeuka, inarekebishwa papo hapo na mashine inaandika Correctable, kazi inaendelea. Biti mbili zikigeuka kwa pamoja, inagundua lakini haiwezi kurekebisha, inaandika Uncorrectable, na kwa kawaida inajizima kuliko kuhifadhi hesabu za uongo. Kwa chama cha akiba, hilo la kujizima ni la kushukuru. Ndaga fijo, kama wanavyosema Wanyakyusa.

Kosa moja la kurekebishwa ndani ya miezi kadhaa mimi naliacha. Sloti ileile ikirudia mara kadhaa kwa usiku mmoja, nafungua kasha.

Hatua ya tatu: POST iliyo kamili

POST ya siku hizi inawahi. Kwenye mashine nyingi upimaji kamili wa memori umezimwa tangu kiwandani ili seva iwake haraka. Ingia kwenye BIOS, sehemu ya memori, uuwashe; na sehemu ya kuwaka, zima chaguo la kuwaka haraka kama lipo. Subiri. Yenye RAM nyingi inaweza kukaa muda mrefu kioo kikiwa kimetulia, usiizime ukidhani imeganda.

Soma kila mstari, na upige picha kwa simu. Milio na taa hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya kizazi na kizazi, kwa hiyo usikariri kwamba milio mitatu ni RAM. Ilikuwa kweli kwenye mashine uliyojifunzia. Tafuta kitabu cha modeli yenyewe. Zile kadi ndogo za kuonyesha namba mbili za POST, zinazouzwa bei ya chini, nyingi ni za sloti ya PCI ya zamani, na seva nyingi za leo hazina sloti hiyo.

Mashine isiyotoa kitu kabisa, ivue nguo: acha prosesa moja kwenye soketi ya kwanza, kijiti kimoja kwenye sloti A1 au ile ambayo kitabu kinaitaja kuwa ya kwanza, toa kadi na diski zote. Ikiwaka hivyo, rudisha kimoja kimoja. Usijaribu kuweka prosesa ya peke yake kwenye soketi ya pili, haitawaka. Na ukiondoa prosesa ya pili, sloti za RAM zake na baadhi ya sloti za kadi zinazimika nayo; kadi ya mtandao iliyopotea hapo haijafa.

Hatua ya nne: vipimo vya mtengenezaji

Dell PowerEdge, bonyeza F10 inapowaka, tafuta Hardware Diagnostics. HPE ProLiant, ni F9 au F10 kutegemea kizazi. Endesha kipimo cha haraka, kisha kirefu ukienda kula. Namba ya kosa ikitokea, iandike yote, usiandike "RAM mbovu". Na BMC nayo ijipime:

ipmitool mc selftest

Jibu ni passed. Likiwa jingine, daftari lake pia lisome kwa mashaka.

Vipimo hivi viliipitisha seva ya Njombe, yote safi. Nilivifanya kwangu Mbeya, ilikoletwa, saa nane mchana, jua likiwaka dirishani.

Hatua ya tano: memori, na mtego wa ECC

Memtest86+ kuanzia toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, inawaka kwenye mashine za UEFI (mrithi wa BIOS ya zamani) na inatumia viini vingi. Iweke kwenye fleshi. Ikikataa kuwaka, zima Secure Boot kwa muda. Kwenye mipangilio yake kuna namna tatu za kutumia viini: vyote kwa pamoja vikigawana memori, kila kimoja kwa zamu kikipima memori yote, au kimoja kwa kila jaribio kwa kupokezana. Ya kwanza ina kasi. Ya pili inachosha kwa muda wake, lakini kwenye prosesa mbili ndiyo inayolazimisha prosesa ya kwanza isome RAM ya pili na ya pili isome ya kwanza, kupitia njia inayoziunganisha. Ubovu wa njia hiyo hauonekani kila mmoja akila kwenye sahani yake.

Mtego ni huu: Memtest86+ inaweza kumaliza mizunguko minne bila kosa hata moja, huku ECC ikirekebisha makosa chinichini kabla programu haijayaona. Fundi anaandika "RAM nzima" na kurudisha mashine. Kwa hiyo hesabu mistari ya daftari la BMC kabla ya kipimo, na uihesabu tena baadaye. Ikiongezeka, kuna ugonjwa hata kama kioo kimeandika PASS kwa herufi kubwa.

Ndani ya Linux, weka rasdaemon iwe inakusanya makosa haya, halafu:

ras-mc-ctl --summary

Hatua ya sita: badilishana ndugu

Hapa ndipo prosesa mbili zinakuwa neema. Kwenye mashine ya kawaida ukishuku kitu unahitaji kingine kizima cha kulinganisha, yaani pesa na basi la Dar. Hapa kila kiungo kina ndugu yake pacha ndani ya kasha hilohilo. Kihamishe, uangalie kosa limemfuata nani.

Daftari linataja B2. Washukiwa ni wanne: kijiti kilichomo B2, sloti yenyewe ya B2, prosesa ya pili (kidhibiti cha memori kiko ndani ya prosesa), na soketi ya prosesa ya pili. Fundi aliyetangulia alimhukumu wa kwanza bila kuwasikiliza watatu.

Anza na rahisi. Kijiti cha A2 kiende B2, cha B2 kiende A2. Andika namba za vijiti kabla, au bandika karatasi, kwa sababu vikishatoka vinafanana kama mayai. Hakikisha BIOS haijaizima sloti ile tangu kosa la zamani. Kama imeizima, iwezeshe tena, la sivyo utapima hewa. Kosa likihamia A2, kijiti ndicho kibovu. Likibaki B2, kijiti hakina hatia.

Nilipohamisha, mchana ule halikutokea kokote. Nikakumbuka lile neno pembeni ya karatasi. Jioni nikaiweka mashine kwenye korido, dirisha wazi, ikiwa haina kazi ya kufanya, feni zinanong'ona tu. Asubuhi mistari mitatu, yote B2. Ugonjwa wa usiku upime usiku. Na kama wateja wako wanalia kwamba mashine inazimika saa nane mchana chini ya bati, funga mlango na uipe mzigo.

Likibaki palepale, badilisha prosesa: ya soketi 1 iende 2, ya 2 ije 1. Hii ni operesheni, siyo kuchomoa RAM. Fungua skrubu za hitisinki, lile bati la kupozea prosesa, kwa mpangilio wa msalaba, kidogo kidogo. Inyanyue wima. Futa pesti ya zamani yote, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, kwa kitambaa kisicho na nyuzi na spiriti ya isopropili. Prosesa za aina hii hazina pini, pini 2,011 ziko kwenye soketi, nyembamba kama nywele, na moja tu ikipinda unaweza kupoteza njia nzima ya memori. Kwa hiyo usiguse soketi kwa kidole, usipulize kwa mdomo, usiache kitu kidondoke. Pembetatu ndogo ya prosesa ilingane na ya soketi, iteremshe wima, bila kuisogeza.

Kosa likihamia A2, prosesa ndiyo mbovu. Likibaki B2, ni soketi au mazabodi.

Lilibaki B2, usiku wa pili kwenye korido. Nikatoa prosesa tena, nikaweka tochi pembeni ya soketi, ikamulika kwa ulalo. Usimulike kutoka juu: kwa ulalo pini zote zinang'aa kwa mstari mmoja kama mashamba ya chai ya Mufindi ukiyaona kutoka barabarani, na isiyo sawa inaonekana yenyewe. Hakukuwa na iliyopinda. Ila karibu na kona, pini mbili hazikung'aa. Kwa kioo cha kukuzia nikaona chembe ya kijivu, imekauka, ndogo kuliko punje ya chumvi. Pesti. Mtu fulani, wakati fulani kabla mashine haijafika Njombe, alipaka nyingi ikamwagika.

Naamini mchana, mashine ikiwa na joto, chuma kilitanuka kikagusana vya kutosha, na usiku kikajikunja mgusano ukawa wa wasiwasi. Nilidondosha spiriti kidogo, nikapitisha brashi laini mpya mara moja kwa uelekeo wa pini, nikaacha ikauke nusu saa. Pini iliyopinda ningeweza kuinyoosha kwa sindano, nimeshafanya mara chache, lakini sikushauri kujifunzia kwenye mashine ya mteja.

Hatua ya saba: mzigo, upande mmoja mmoja

Ukishafunga, ipe kazi. Usizipe prosesa zote kwa pamoja mara ya kwanza. Ifunge kazi kwenye prosesa moja na RAM yake:

numactl --cpunodebind=1 --membind=1 stress-ng --cpu 8 --vm 1 --vm-bytes 8G --verify --timeout 30m

Kisha badilisha 1 kuwa 0, halafu endesha bila kufunga. Dirisha jingine liwe linasoma joto na feni:

ipmitool sdr type Temperature
ipmitool sdr type Fan

Kwenye baadhi ya seva prosesa moja inakaa nyuma ya nyingine, inapokea hewa iliyokwisha kupashwa, kwa hiyo itakuwa na joto zaidi kidogo, ni kawaida. Tofauti ikipita nyuzi 15 kwa mzigo uleule, rudi kwenye hitisinki: haijakaa sawa, au pesti haitoshi. Zile plastiki za kuelekeza upepo pia zirudishwe zote, hata ile inayoziba sloti tupu. Ukikuta hazipo, umeshajua kwa nini feni zinapiga kelele.

Mwishoni tafuta kama kiini cha mfumo wa Linux (kernel) kimeripoti kosa la vifaa:

journalctl -k | grep -i "hardware error"

Mstari wake hutaja namba ya prosesa na benki ya hitilafu. Uhifadhi hata kama huuelewi, ukijirudia kwa prosesa ileile una jibu.

Diski na pawa saplai sitavikalia sana, ni vilevile vya mashine za kawaida. Diski inajipima yenyewe kwa smartctl -t long, inaweza kuchukua saa nyingi, jibu lisome kwa smartctl -l selftest. Namba 5 na 197 kwenye orodha ya smartctl -A, yaani sekta zilizohamishwa na zinazosubiri, zikipanda wiki hadi wiki, agiza nyingine. Kama ziko nyuma ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) ya aina ya MegaRAID, utahitaji kuongeza -d megaraid,0 na kuendelea kwa namba. Pawa saplai zikiwa mbili, chomoa moja mashine ikiwa na mzigo, subiri, rudisha, kisha ya pili. Fanya hivyo mbele ya mteja, baada ya nakala ya data, siyo kabla.

Kufunga kazi

Hifadhi daftari la zamani, ndipo ulifute kwa ipmitool sel clear, ili chochote kitakachoandikwa kiwe kipya. Sahihisha saa ya BMC. Hakikisha sloti zote zimewezeshwa, hesabu tena kwa numactl. Iache ikifanya kazi saa 24, usiku ukiwemo.

Mwoneshe mteja kioo cha kuwaka kinavyopaswa kuwa, na umbandikie karatasi juu ya kasha. Ya Njombe niliandika: "GB 64. Ikisema F1, usibonyeze, piga picha, mpigie fundi." Mama mhasibu aliisoma akacheka, akasema atambandikia na keshia kwenye paji la uso.

Nilirudisha mashine Ijumaa kupitia Makambako, imefungwa kwenye blanketi. Ilikaa kwenye chumba chao cha nyuma, chenye dirisha lisilofunga vizuri, Julai iliyobaki na Agosti yote. Mwanzoni mwa Septemba niliingia kwenye BMC yao nikiwa Mbeya, nikaomba daftari. Lilikuwa na mstari mmoja: Log area reset/cleared.